Msiitwishe Gulwe Mzigo wa Usugu

Kila Novemba, katika ile wiki ya dunia ya kuhamasisha watu kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunasomewa shtaka lilelile. Mshtakiwa ni mwananchi. Alinunua vidonge vitano vya amoksilini badala ya dozi nzima. Homa iliposhuka siku ya tatu aliacha dawa, na vilivyobaki akampa mtoto wa jirani. Mfugaji naye yumo kizimbani, na bomba lake la oksitetrasaiklini mkononi. Hukumu ni elimu kwa umma: mabango, vipeperushi, matangazo ya redio, na ile kaulimbiu ya Wizara ya Afya ambayo imeshaingia hata kwenye utani wa vijiweni, Holela-Holela Itakukosti.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kampeni hiyo haikusema uongo. Kukatisha dozi kupo. Dawa za kuulizia dirishani bila cheti zipo, na mwenye duka anayeishi kwa faida ya vidonge hawezi kutarajiwa kila siku kumrudisha mteja mikono mitupu. Ninachokataa ni hatua inayofuata, pale ukweli huo mdogo unapopandishwa cheo ukawa maelezo yote ya usugu, na bango likawa tiba yake. Imani hiyo imekaa vichwani mwa viongozi, waandishi wa habari na hata madaktari, kiasi kwamba hakuna anayeona haja ya kuithibitisha.

Tumpe mshtakiwa anwani, maana mtu asiye na anwani ni rahisi kumhukumu. Tumweke Gulwe, wilayani Mpwapwa, kwenye stesheni ya Reli ya Kati ambako wasafiri wa Mpwapwa wamekuwa wakishukia tangu enzi za Mjerumani, na ambako reli ya kisasa nayo sasa inapita. Nchi kavu, ng'ombe, mtama, karanga, na mto unaokauka nusu mwaka kisha unakuja kwa hasira. Mtu wa hapo akiugua huanzia zahanati au dukani, halafu hospitali ya wilaya Mpwapwa, na mambo yakiharibika, Dodoma mjini. Nasema kwamba sehemu kubwa ya antibayotiki zinazopotea bure mwilini mwake zimeandikwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, na aliyeziandika hakujua anatibu kimelea gani. Hakujua kwa sababu mfumo wetu haukumhesabia, ingawa chombo cha kuhesabia kipo, hakiuzwi, na kina umri wa zaidi ya miaka 30.

Tuanze na mtoto. Mama anamfikisha zahanati, homa ina siku mbili. Mtoto anachomwa kidole na kipimo cha haraka cha malaria kinasoma hasi. Zamani, kabla ya kipimo hicho kuenea, angeondoka na dawa ya malaria hata hivyo. Leo tabibu amebakiwa na homa isiyo na jina, foleni mlangoni na kopo la amoksilini. Ataandika amoksilini. Ningekuwa kwenye kiti kile ningeandika pia, na yeyote anayedhani asingeandika hajawahi kukaa mbele ya mama aliyetembea tangu alfajiri.

Je, mtoto yule aliihitaji? Watafiti walichunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakachapisha matokeo mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine. Watoto 70 hivi kati ya kila 100 walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo antibayotiki haiyagusi kabisa. Waliokutwa na maambukizi ya bakteria walikuwa 22 kati ya 100.

Sasa tazama kilichotokea Morogoro na Mbeya. Morogoro si ughaibuni kwa mtu wa Gulwe. Akipanda treni kwenda pwani, mkoa wenyewe ni huo anaouingia kabla ya Kilosa. Vituo 40 vya afya na zahanati viligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu viliendelea na kazi kama kawaida, na huko watoto 70 kati ya kila 100 waliofika wakiumwa waliandikiwa antibayotiki. Nusu nyingine vilipewa kishikwambi chenye programu inayomwongoza tabibu swali kwa swali, kipimo cha tone la damu kinachosaidia kubaini maambukizi mazito, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, na usimamizi wa karibu uliowaonyesha watumishi jinsi wanavyoandika dawa wakilinganishwa na wenzao. Huko walioandikiwa walikuwa 23 kati ya 100. Ilipofika siku ya saba, watoto wa upande huo hawakuwa na hali mbaya kuliko wa upande wa pili. Matokeo yalitoka mwaka 2024 katika Nature Medicine.

Naomba msomaji asiipite haraka hesabu hiyo. Akina mama wa pande zote mbili ni walewale: shule ileile, umaskini uleule, maduka yaleyale ya dawa, redio ileile inayowaonya. Kama holela ingekuwa tabia ya mama, namba isingeporomoka kutoka 70 hadi 23 kwa sababu ya kifaa kilichowekwa mezani kwa tabibu. Kilichoporomoka ni kubahatisha kwa mfumo wenyewe, na mfumo huo ni wetu sisi tunaochapisha mabango.

Ukipanda ngazi hadi hospitali kubwa, mambo hayatulii. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali sita za rufaa nchini na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta wagonjwa 62 kati ya kila 100 waliolazwa wakiwa kwenye dawa za kuua vimelea, seftriaksoni ikiongoza. Shirika la Afya Duniani, tangu 2017, limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini kwa sababu usugu wake huenea upesi. Amoksilini iko kundi la kawaida. Hakuna mgonjwa anayejichagulia seftriaksoni akiwa kitandani na dripu mkononi. Hata ndugu wanapotumwa kuinunua nje, wanatumwa na cheti.

Kubahatisha huko kuna makaburi. Mwaka 2001 hadi 2002, Bjørn Blomberg na wenzake walifuatilia watoto waliolazwa Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi mazito. Miongoni mwa waliokutwa damuni na bakteria wa kundi la Gram-hasi, waliofariki walikuwa asilimia 43.5. Kwa wenye malaria ilikuwa asilimia 20.2. Mtoto aliyepewa dawa ambayo kimelea chake kimeshaizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007, na tangu hapo tumechapisha mabango mengi.

Na hata tukikubali kwamba wingi wa matumizi ndio kila kitu, ushahidi wa dunia unasita. Mwaka 2018, Peter Collignon wa Australia na wenzake walilinganisha nchi nyingi, tajiri na maskini. Wingi wa antibayotiki zinazotumiwa haukutosha kueleza kwa nini nchi moja ina usugu kuliko nyingine. Kilichoambatana na usugu mdogo ni miundombinu bora, yakiwemo maji safi na vyoo, na utawala usio na rushwa. Kimelea sugu hakihitaji dozi iliyokatishwa ili kihame. Kinahitaji kisima kilicho jirani na choo cha shimo.

Nije kwenye kile chombo cha kuhesabia, yaani kompyuta, na niseme wazi ninachomaanisha, kwa sababu neno hilo limechoshwa na semina. Simaanishi skrini ya mapokezi inayotoa namba ya malipo. Hizo, hospitali nyingi zinazo, na zinajua kutoza. Namaanisha kuhesabu usugu.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Damu au mkojo huoteshwa kwenye sahani ya agari, jeli yenye virutubisho ambamo bakteria hukua. Kimelea kikiota, huenezwa kwenye sahani ya pili, na juu yake huwekwa viduara vya karatasi vyenye dawa, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake mtaalamu wa maabara huchukua rula na kupima upana wa eneo tupu kuzunguka kila karatasi, mahali ambapo kimelea kimeshindwa kuota. Hizo milimita ndizo habari yenyewe. Lakini mazoea ya daftari ni kuandika herufi tu: S, dawa inafaa, R, kimelea ni sugu. Milimita zinatupwa pamoja na sahani.

Hasara ya kuzitupa ilionekana mwaka 2019. CLSI, taasisi ya Marekani ambayo viwango vyake hufuatwa na maabara nyingi Afrika Mashariki, ilibadilisha mpaka wa siprofloksasini kwa Escherichia coli na jamaa zake. Awali, eneo tupu la milimita 21 au zaidi lilimaanisha dawa inafaa. Kiwango kipya kilitaka 26. Kimelea cha milimita 22 kililala kikiwa kinatibika, kikaamka kikiwa cha mashaka. Daftari lililojaa herufi S haliwezi kusahihishwa tena, limekwisha. Kompyuta iliyohifadhi namba 22 husahihisha kumbukumbu za miaka 10 wakati mtu anakunywa chai.

Programu ya kazi hiyo inaitwa WHONET. Ilitengenezwa mwaka 1989 na John Stelling na Thomas O'Brien katika Brigham and Women's Hospital, Boston. Haiuzwi. Inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, na intaneti si lazima. Mgonjwa aliyepimwa mara tatu inamhesabu mara moja. Inaweza kuona kwamba wodi fulani imeanza kutoa kimelea kilekile chenye usugu uleule, dalili ya mlipuko, kabla hata muuguzi mkuu hajahisi. Mwishoni inatoa jedwali: katika mikojo ya mwaka huu, E. coli wangapi kati ya 100 bado wanauawa na dawa ipi. Ni ukurasa mmoja tu. Tabibu wa Gulwe akiwa nao ukutani, hana haja ya kuwa profesa ili kuacha kuandika dawa ambayo katika wilaya yake imeshakufa.

Hapo ndipo ninapokatizwa. Naambiwa takwimu zipo: Muhimbili wanaotesha, Bugando wanaotesha, KCMC na Mbeya pia, na nchi inaripoti GLASS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 2015. Gulwe ya nini?

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote kwa sababu linavaa joho la sayansi. Ni nani anayeoteshwa damu katika hospitali ya kanda? Ni yule aliyeanzia zahanati, akapewa amoksilini, akashindwa. Akaenda wilayani, akapigwa sindano za seftriaksoni, akashindwa. Akapakiwa gari la wagonjwa. Waliopona njiani hawamo kwenye sahani. Kwa hiyo jedwali la hospitali ya rufaa linahesabu vimelea vya walioshindikana, na asilimia ya usugu inapaa juu ya hali ilivyo vijijini. Mtu akilichukua jedwali hilo na kuandika mwongozo wa zahanati, atasema amoksilini imekwisha, shusheni dawa kali. Dawa kali zikishuka hadi Gulwe, ndani ya miaka michache vimelea vya Gulwe vitakuwa kama jedwali lilivyodai. Takwimu itakuwa imezalisha usugu ambao haukuwepo, na Novemba inayofuata atalaumiwa mama.

Tiba ya kosa hilo ni kuhesabu chini pia. Mara moja kwa mwaka, kwa majuma machache, otesha mkojo wa kila mgonjwa anayefika akilalamikia maumivu ya kukojoa, aliyeshindwa na dawa na ambaye hajagusa dawa, kila mmoja bila kuchagua. Viwango vinataka walau vimelea 30 vya aina moja kabla ya kutoa asilimia. Zahanati moja haifiki 30 upesi, lakini wilaya nzima inafika, na kompyuta ndiyo inayojumlisha.

Pingamizi la pili naliheshimu zaidi, maana linatoka kwa watu wa maabara wenyewe: kompyuta haioteshi kimelea. Kweli kabisa. Utafiti wa MAAP uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta kwamba kati ya maabara 50,000 hivi, ni asilimia 1.3 tu zinazofanya vipimo vya bakteria. Ukipeleka kompyuta mahali ambapo hakuna agari, umepeleka pambo.

Ila wanaolitoa pingamizi hili husahau kwamba nchi hii imeshafanya kazi ya aina hiyo, tena mbele ya macho yao. Kimelea cha kifua kikuu kinafuatiliwa usugu wake hadi wilayani. Makohozi huingia kwenye mashine ya GeneXpert, na ndani ya saa mbili inajulikana kama kimelea kinakubali rifampisini au la. Makohozi ya mahali pasipo na mashine husafirishwa. Mwenye usugu huingizwa kwenye rejista, na wengi wametibiwa Kibong'oto, Kilimanjaro. Hakuna aliyesimama kusema kwamba kifua kikuu sugu kitaisha kwa tangazo la redio. Watu walipima, wakahesabu, wakafuatilia. Kimelea cha mkojo na cha damu kimekosa nini ili nacho kistahili?

Ugumu upo. Mkojo haungoji: ukizidi saa mbili kwenye joto bila kemikali ya kuuhifadhi, bakteria huzaliana na jibu linadanganya. Chupa ya damu ina uvumilivu zaidi. Kwa hiyo kuotesha lazima kusogee hospitali ya wilaya, na damu inaweza kusafiri. Agari ya damu nayo hutaka damu ya kondoo, na zipo maabara Afrika zilizowahi kutumia damu ya binadamu iliyopitwa na muda kwa kukosa ya kondoo, jambo linaloharibu kipimo. Sijui ni mkoa gani hapa nchini wenye udhuru mdogo wa kukosa kondoo kuliko Dodoma. Na Mpwapwa yenyewe si ngeni kwa sayansi: utafiti wa mifugo ulianzia hapo mwaka 1905, chini ya Wajerumani, na taasisi bado ipo. Ng'ombe wa wilaya hii waliletewa maabara zaidi ya karne moja iliyopita.

Mvua za mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 ziliposomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zilisimama kwa miezi, na hakuna aliyewalaumu abiria kwa uzito wa magunia yao. Watu walienda mtoni kupima: mto unabeba maji kiasi gani, mchanga umejaa wapi, tuta liinuliwe wapi. Katika usugu tunamhoji abiria.

Kwa nini basi shtaka la mwananchi linapendwa hivyo? Kwa sababu ni rahisi kulifadhili na halimgusi mkubwa yeyote. Bango hupigwa picha na mgeni rasmi. Sahani ya agari haina sherehe, na jedwali la usugu linaweza kumwaibisha mganga mfawidhi, mfamasia, mnunuzi wa dawa, pengine na wizara yenyewe. Kampeni ya holela ilibebwa kwa sehemu kubwa na fedha za USAID, na ufuatiliaji wa maabara umetegemea sana mfuko wa Uingereza uitwao Fleming Fund. USAID ilifungwa mwaka 2025. Julai mwaka huohuo Uingereza nayo ilitangaza kuukatia fedha mfuko wake. Mpango wa pili wa taifa wa kupambana na usugu, wa 2023 hadi 2028, umekatiwa mirija miwili katikati ya safari.

Wapo watakaosema hiyo ndiyo sababu ya kurudi kwenye elimu, maana elimu ni rahisi. Nasema kinyume. Fedha za wageni zilipokuwepo tuliweza kufanya yote mawili na kujidanganya kwamba yana uzito sawa. Sasa itabidi kuchagua, na uchaguzi huo haufanyiki Geneva. Unafanyika katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ile hati inayoandikwa kila mwaka na kusomwa na watu wachache, yenye fungu la semina, fungu la dizeli na fungu la maadhimisho.

Ninachotaka kiwekwe humo ni namba mbili, zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata kama yanavyobandikwa mapato na matumizi. Ya kwanza: kati ya watoto 100 waliofika zahanati yetu wakiumwa mwezi huu, wangapi wameandikiwa antibayotiki, na zahanati jirani wangapi. Ya pili: katika wilaya yetu, E. coli wangapi kati ya 100 bado wanauawa na dawa iliyopo dirishani. Namba ya pili itangoja hospitali ya wilaya ipate agari, rula, mtu mmoja aliyefunzwa na kompyuta yenye WHONET. Ya kwanza haingoji chochote. Imo tayari katika vitabu vya takwimu vya MTUHA vilivyoko kwenye meza ya zahanati, na mtu mwenye kalamu anaweza kuianza Jumatatu.